Vifaa vya Muziki vya Jukwaani: Anza na Tundu la Umeme

Wanamuziki wanaonilalamikia kwamba mashine zao ghali zimezimika katikati ya onyesho huilaumu programu. Nikiwadadisi zaidi, wengi hukumbuka kwamba muda mfupi kabla ya hapo mtu aliugusa waya wa nyuma. Kwa sababu hiyo sitazungumzia utamu wa sauti wala wingi wa vitufe, mambo ambayo kila muuzaji huyasifu. Ninavipanga vifaa hivi kwa kigezo kimoja kikuu, nacho ni jinsi umeme unavyoingia.

Soketi ndogo ya duara inayopokea adapta kwa kawaida haina kitu cha kuibana pini, na mara nyingi imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi, hivyo kila mvuto wa waya na kila mtetemo wa spika za besi huishia kwenye risasi iliyoishikilia. Isitoshe, kifaa cha wati 24 kinachotumia volti 12 huvuta ampea 2, ilhali kikiingiziwa umeme wa volti 240 moja kwa moja huvuta takriban ampea 0.1. Mgusano uliolegea kidogo, ambao katika hali hii ya pili usingeleta athari yoyote, katika ile ya kwanza unatosha kushusha volti hadi kifaa kijiwashe upya, na kazi yote ambayo haijahifadhiwa ikapotea.

Nafasi ya kwanza naipa Nord Stage 4, wala sifichi kwamba naipendelea Nord. Kinanda hiki chekundu cha Uswidi, kilichotoka mwaka 2023, kina kigeuzi cha umeme ndani ya kasha lake na hutumia waya uleule wa kompyuta ya mezani, ambao fundi wa sauti hakosi kuwa nao wa akiba. Ya pili ni Prophet-6 ya Sequential, sintesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme) yenye waya wa aina hiyohiyo; imeshuka nafasi moja kwa sababu saketi zake za analogi huhitaji kupata joto kwanza ndipo zitulie kwenye toni. MPC Live II ya Akai, mashine ya kutengenezea midundo, ina betri ndani, kwa hiyo waya ukichomoka muziki unaendelea, lakini betri huchakaa kimyakimya, nami siwezi kuipa zaidi ya nafasi ya tatu. Octatrack MKII ya Elektron, sampla (mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvicheza upya), naiweka ya nne kwa uchungu, maana kasha lake ni imara na kadi yake ya kumbukumbu ya CompactFlash hunakilika kwa urahisi kabla ya safari, ila umeme wake hutoka kwenye adapta ya nje ya volti 12. Anayeinunua anunue adapta ya pili siku hiyohiyo, na aufunge waya kwenye stendi ili usivutwe.

Hapo ndipo wauzaji wanaponikera. Hupiga picha uso wa kifaa kutoka kila pembe na kuusahau mgongo wake, kisha adapta ya akiba, ambayo ni kitu kidogo tu, huiuza kwa bei ya kukomoa au hudai kwamba imekwisha. Mnunuzi hulazimika kutafuta adapta ya chapa isiyojulikana, ambayo chanya na hasi zake zikiwa zimegeuzwa, inaweza kuunguza saketi nzima.

Kwa mwenye fedha kidogo, sampla ya SP-404MKII ya Roland hukubali betri 6 za AA. Aweke mpya kabla ya kila onyesho.