Tramu ya Ramal, Alexandria: nyota nne, ya tano naiwekea hiyo mpya

Wadogo zangu mnaokwenda kusoma Misri mnaniuliza sana usafiri wa Iskandaria (ndo hiyo Alexandria) ukoje, basi leo ntawambia kuhusu tramu ya Ramal, ile ya buluu, mana nimeipanda miaka mitatu karibu kila siku na mpaka leo niko Unguja bado naikumbuka.

Kitu kikongwe khasa. Imeanza 1863, Seyyid Barghash, sultani wetu wa Zanzibar, hajashika hata ufalme. Ilikuwa inatoka kituo cha Ramal mjini mpaka Victoria, kilomita 13 na kidogo, na nauli yake mwanafunzi ilikuwa haimuumizi. Kulikuwa na behewa la wanawake, dada zetu wa Kizanzibari walikuwa wanakaa kwa stara zao hakuna kubanwa mabega na mtu, hilo peke yake mie naipa nyota nzima.

Mwendo sasa. Wastani kilomita 11 kwa saa!! Mwisho hadi mwisho ilikuwa saa nzima, na tatizo si mashine tu, ni zile njia panda, kila mtaa magari yalikuwa yanakatisha juu ya reli na tramu inangojea. Asubuhi moja ya mtihani gari ya mtu ilizima pale pale relini karibu na Sidi Gaber, tukakaa wee mpaka ikasukumwa, nimeingia chumba cha mtihani wenzangu washafika swali la pili.

Kwa hivyo mpango wa kuigeuza reli nyepesi ya kisasa mie nauunga mkono moyo mmoja. Sehemu kubwa ya njia inanyanyuliwa juu ya madaraja, hapo ndo penyewe, mana ungeleta mabehewa mapya ukaziacha zile njia panda ungekuwa umepaka rangi tu. Hesabu yao ni kilomita 21 kwa saa, safari ya saa nzima iwe dakika 35, na abiria kutoka 4,700 mpaka 13,800 kwa saa kila upande. Wapo wanaoililia ile ya zamani na nawaelewa wallahi, lakini angalau njia inabaki.

Sisi huku Unguja yetu haikubaki. Tulikuwa na treni toka 1905, Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili saba, ikipita katikati ya vichochoro vya Malindi, abiria ikaacha kuwachukua 1922 na baadae reli zikang'olewa, na mie jana nimekaa ndani ya 502, daladala ya Bububu, foleni haisogei jua linapiga nawaza njia ni ile ile.

Ombi langu kwa wanaojenga kule: nauli isipande ikawashinda wale mabibi wa makapu ya mboga waliokuwa wakipanda alfajiri, na vituo vya juu viwe na lifti inayofanya kazi, mana wengi wao magoti hayana nguvu tena.