Ziara ya Bunge la Ontario, Queen's Park: nilimpeleka mama

Julai iliyopita mama alikuja kutoka Mombasa kunitembelea Toronto. Watu walinishangaa: mgeni hupelekwa maporomoko ya Niagara, wewe unampeleka kwenye bunge la mkoa? Lakini mimi ninakata tiketi za ndege katika ofisi ndogo huku Scarborough, na mle ndani kuna jina nililotaka mama alione.

Ziara ni bure. Beba kitambulisho, kwani mlangoni mnakaguliwa. Magoti ya mama hayapandi ngazi siku hizi. Kijana aliyetuongoza aliliona hilo kabla sijasema, akatupitisha kwenye lifti, na kundi zima likatungoja. Alisema Kiingereza polepole, akinipa nafasi ya kumfasiria mama. Jengo lilifunguliwa 1893, ubawa wa magharibi ukaungua 1909, ukajengwa upya kwa marumaru.

Ukumbini kuna bundi aliyechongwa akiwatazama wabunge wa serikali ili watawale kwa busara, na tai anayewatazama wapinzani ili wawe macho. Mama alishtuka. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huanza kusoma dua. Nilimweleza kijana, akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia mama ahsante kwa kumfunza. Hapo alinipata moyo.

Kisha nikamwomba atuonyeshe ukuta wenye majina ya wabunge, tukatafuta Bunge la 34. Murad Velshi, mbunge wa Don Mills, jimbo la hapa Toronto.

Nilimsimulia mama palepale. Mzaliwa wa Afrika Kusini, aliuhama ubaguzi wa rangi akaishi Nairobi (mwanawe Ali, mtangazaji wa televisheni Marekani, alizaliwa huko 1969). Mwaka 1971 familia ikahamia Kanada, na hapa Toronto yeye na mkewe Mila wakafanya biashara ya usafiri. Mwaka 1981, miaka 10 tu tangu afike, aligombea Don Mills kwa chama cha Liberal dhidi ya Dennis Timbrell, waziri wa afya wa Ontario. Akashindwa. Mwaka 1987 aligombea tena, akaingia bungeni pamoja na wimbi la kiongozi wa Liberal, David Peterson, lililozoa viti 95 kati ya 130. Mwaka 1990 chama cha NDP cha Bob Rae kilishinda, naye akapoteza kiti.

"Miaka mitatu tu?" mama akauliza.

"Mitatu, mama."

"Na ile mara ya kwanza aliposhindwa, kesho yake alirudi kukata tiketi?"

Nilimwambia maisha yaliendelea, na biashara pia. Kwangu mimi, 1981 ndiyo kura yake kubwa kuliko zote. Mgeni mwenye duka, wateja wake wa kila rangi na kila chama, anasimama mbele ya waziri na kusema nipeni mimi. Ukuta hauchongwi majina ya walioshindwa, kwa hiyo mwaka huo usiposimuliwa na mtu haupo.

Mama aliweka kiganja juu ya marumaru, akataka picha pale pale.

Ukitaka kuwasikia wabunge wakibishana, nenda wakati wa vikao. Maswali kwa serikali huanza saa nne na nusu asubuhi. Shuka kituo cha Museum au Queen's Park. Mimi nitarudi na binti yangu bunge likifunguliwa. Ziara nimeipa nyota tano, na yule kijana aliyetuongoza namwombea apandishwe cheo.