Lino au ubao: chapa za vichekesho kwa mtindo wa kale

Ukitaka kumchonga faru wa msanii Mjerumani Albrecht Dürer wa mwaka 1515, aliyechorwa bila msanii kumwona mnyama mwenyewe, lakini safari hii akijipiga selfi, kisha umpake wino na kumchapa karatasini, utumie lino (linoleamu, tandiko laini la sakafu linalochongeka) au ubao?

Kwa bei na wepesi, lino inashinda. Hukatika kila upande bila kupasuka; ikiwa ngumu, ianike juani dakika chache ilainike. Ila iliyokaa miaka hukauka na kumeguka, na mistari myembamba huchakaa mapema.

Ubao, hasa wa mti wa peasi uliopendwa Ulaya enzi hizo, hutoa chapa nyingi zaidi. Tena kingo zake kali ndizo zinazobeba mzaha: mchoro uonekane wa heshima kabisa, jambo lenyewe liwe la kipuuzi. Shida ni nyuzi. Ukizikata kwa kuzikingama, mstari hung'oka. Tangulia na kisu pande zote mbili za mstari, ndipo uchimbe kwa patasi. Usiuloweke majini, utapinda. Wino wa mafuta futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia.

Kwa vyote viwili maandishi yachongwe kinyume. Kwa kadi chache za haraka, lino yatosha. Kwa vivuli vya mistari iliyobanana, ukiwa na subira na visu vikali, chukua ubao.