Kujitolea kwenye mazingira Ujerumani: kazi tamu, jioni ndefu

Tangu nirudi Tanga naulizwa maswali yale yale kuhusu kwenda kujitolea Ujerumani, hasa na wadogo zangu wanaojifunza Kijerumani na wanaotaka upande wa mazingira. Basi naandika mara moja, kila mwenye haja asome. Nilikwenda kupitia weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa vijana kujitolea nje ya nchi zao, kwa ule mlango wa Kusini kwenda Kaskazini uliofunguliwa mwaka 2013 ili vijana wa nchi zetu nao waende kujitolea kule, isiwe Wajerumani tu ndio wanaokuja kwetu. Nilipangiwa jimbo la Schleswig-Holstein, pwani ya Bahari ya Kaskazini, kwenye hifadhi ya taifa ya Wattenmeer.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kazi yenyewe ningeirudia hata kesho. Kinachoamua kama utakaa kwa raha au utakaa ukihesabu siku ni zile saa za baada ya kazi, na habari hiyo huikuti kwenye vipeperushi. Vituo vya mazingira vipo mbali na watu kwa sababu ndege nao wanakaa mbali na watu. Mwenzako aliyepangiwa chekechea mjini Hamburg akitoka kazini anapanda treni, anakwenda kula pilau kwa Watanzania wenzake. Wewe ukitoka kazini unapokewa na kondoo wanaochunga nyasi juu ya tuta la kuzuia bahari, pamoja na upepo usiopumzika.

Nianze na utamu. Wattenmeer ni tambarare ya tope na mchanga inayobaki wazi maji yakipwa, mpaka jicho linachoka kutazama, kisha maji yakijaa inafunikwa yote, mara mbili kwa siku. Mikoko hakuna, ni nyasi za chumvi tu, lakini aliyekulia pwani yetu hahitaji kufundishwa bahari ile inafanyaje kazi. Kila baada ya wiki mbili hivi, kwenye bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tulihesabu ndege. Maji ya bamvua yakijaa yanawafukuza ndege huko mbali na kuwakusanya karibu na tuta, hapo ndipo unaweza kuwahesabu kwa darubini. Vijana wenzangu waliotoka miji ya kusini mwa Ujerumani walilazimika kufungua jedwali la maji kila mara. Mimi nilitazama mwezi. Miezi ya mwanzo, wakati Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea chumvi mezani, hilo ndilo lililonipa heshima kituoni.

Na ndege wenyewe! Kwa mwaka wanapita Wattenmeer nzima, kuanzia Uholanzi hadi Denmark, wanaohama hadi milioni 12, wakitoka Siberia, Greenland na Skandinavia. Wengine wanashuka hadi Mauritania na Guinea-Bissau. Masika wanajaa bata bukini kwa maelfu, wakulima wananuna kwa sababu ya ngano zao. Siku niliyomwona sululu akichokoa tope kwa mdomo wake uliopinda, nilimpigia simu babu, mvuvi wa zamani, nikamwambia ndege wake yuko huku anakula vizuri kuliko mimi.

Kazi nyingine ilikuwa kupima taka za ufukweni: unachukua kipande cha mita 100, unaokota kila kitu, unakiandika kwenye fomu kwa aina yake. Fomu hiyo inatumika katika nchi nyingi za Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki, kwa hiyo takwimu zinaweza kulinganishwa. Tulichookota zaidi ni nyuzi za plastiki za nyavu za kukokota. Ni kazi ya kuinama, inaumiza mgongo, lakini ndiyo niliyokuja nayo nyumbani: mita 100, kamba, fomu, basi. Haihitaji mfadhili.

Semina nazo nazisifu. Kwa huduma ya mwaka mzima kuna siku 25 za semina, unakutana na wenzako kutoka vituo vingine, mnalala pamoja, mnapika, mnabishana. Kwa sisi wa vijijini zile siku zilikuwa pumzi.

Sasa upande wa pili. Ukihamia nyumba Ujerumani unatakiwa ujiandikishe ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na huwezi kujiandikisha bila karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba wetu alikuwa safarini. Bila karatasi sikuandikishwa, bila kuandikishwa benki niliyokwenda haikunifungulia akaunti, na bila akaunti posho ikakaa hukohuko. Taasisi iliyonipokea ilijibu barua pepe zangu kwa upole mwingi na kwa kuchelewa. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa kituoni aliyenikopesha fedha na kuniendesha hadi mjini kwa gari lake.

Mama huyo, kwa njia, ana umri wa kumzaa mama yangu, na aliniambia siku ya kwanza nimwite kwa jina lake tupu. Ulimi ulikataa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nasogea mpaka anione ndipo niongee, ili nisimwite. Mwishowe nikazoea, ila kichwani nilikuwa namtangulizia shikamoo.

Baridi watu wanaitaja sana, lakini koti linaimaliza. Giza ndilo halina koti. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Chumba changu kilikuwa juu ya ghala la vifaa, duka la karibu lilikuwa kijiji cha pili, na Jumapili maduka yote yamefungwa. Basi lilikuwa likipita siku za shule. Mwisho wa wiki ulitegemea baiskeli, na baiskeli dhidi ya upepo ule ni adhabu. Tikiti ya mwezi ya treni na mabasi ya nchi nzima ipo, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na bei imekuwa ikipanda, nami naipenda, ila haisaidii kitu mahali ambapo basi lenyewe halipiti. Juni mambo yanageuka: saa nne usiku bado kuna mwanga, na mwenye kuswali Isha anaisubiri mpaka usingizi unamshinda.

Chakula ukijipanga hakisumbui. Tui la kopo lipo kila supamaketi, unga wa sembe na ndizi za kupika utavipata kwenye maduka ya Waafrika Hamburg, nyama ya halali kwa Waturuki mjini. Nilicheka kukuta mifuko laini ya plastiki kwenye mbogamboga, wakati sisi rambo tulishaziaga tangu Juni 2019.

Kuhusu fedha, ile ni posho, si mshahara. Chumba na bima ya afya vinalipiwa, kinachobaki kinatosha sabuni, vocha na safari ndogo. Waambie nyumbani kabla hujapanda ndege. Shangazi yangu mmoja mpaka leo anaamini nilikuwa naficha euro.

Nikipiga alama: kazi tano kwa tano, semina tano, karatasi mbili, makazi mbili na nusu. Ningeenda tena? Ndiyo, ila ningeuliza kwanza, na nakushauri uulize ukiwa bado Tanzania. Chumba kiko umbali gani na duka, na nitaishi na nani? Jumamosi na Jumapili kuna basi? Nguo za mvua, gambuti na koti la baridi nanunua mimi au mnatoa ninyi? Karatasi ya mwenye nyumba itakuwa tayari siku nikifika? Mwaka wa kujitolea wengi huuanza Agosti au Septemba, kwa hiyo muda wa kuuliza upo. Uliza kwa barua pepe, si kwa simu, na majibu yahifadhi.