Nyongo ya kutia makusudi: uzoefu wangu na sodiamu deoksikoleti

Muuza nyama wangu hapa sokoni Mtwara huitoa nyongo ya mbuzi kwa uangalifu kama anabeba yai, maana ikipasuka ini lote linakuwa chungu. Siku nilipomwambia kwamba ini lake nikifika nalo maabara nalitia chumvi ya nyongo, ndiyo hiyo sodiamu deoksikoleti, kwa makusudi, aliniangalia, akaniuliza kama nimekula.

Kabla ya hapo nilitumia Triton X-100, sabuni ya maabara, kuchomoa protini kwenye utando wa seli. Kuchomoa inachomoa, kazi ni kuiondoa yenyewe. Miseli zake, yaani vikundi vya molekuli zake zilizoshikamana, ni kubwa, hazipenyi mfuko wa dayalisisi, ule wenye vitundu vya kupitisha molekuli ndogo tu; tena inafyonza mwanga wa nanomita 280, ule ule wa kupimia protini, basi ukipima protini unasoma na sabuni humo humo. Deoksikoleti, unga mweupe unaotokana na nyongo ya ng'ombe, haina kero hizo. Naloweka mfuko kwenye friji siku mbili, bafa, yaani mmumunyo unaoshikilia pH, nabadilisha asubuhi na jioni, na sehemu kubwa inakuwa imetoka.

Lakini ina visa vyake. Mara ya kwanza niliishusha pH hadi 7.2, nikijua vimeng'enya vyangu vinapapenda hapo, nikaacha kwenye friji. Asubuhi nikakuta uji. Si mashapo, uji wa muhogo kabisa. Napindua chupa, haumwagiki. Sasa pH ya bafa yangu ya Tris haishuki chini ya 8. Wiki nyingine umeme ukakatika, mtambo wa kukeneka maji ukalala, nikajitia ujanja wa kutumia maji ya kisima. Kisima chetu kina chokaa. Kalsiamu ikaikamata deoksikoleti, chupa nzima ikawa tui. Hilo siilaumu dawa.

Jambo ninaloilaumu ni vumbi lake. Zima feni kabla ya kufungua kopo, na uvae barakoa, la sivyo utapiga chafya hadi machozi na koo liwashe. Pia inavuta unyevu, na pwani hii unyevu haukosekani: kopo langu linakaa ndani ya chombo chenye punje za silika, vinginevyo unga unashikana mabonge.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ndugu yake koleti, chumvi nyingine ya nyongo, haigandi hovyo na hutoka upesi zaidi kwa dayalisisi, ila kwa ini la mbuzi niliiona nyonge, nikarudi kwa huyu mkorofi.