Gitaa la kuzeeshwa: milioni zangu tatu, kutu, na yule kijana wa dukani

Bado nna hasira kwa hiyo mnivumilie, naandika kama inavyokuja. Nlinunua gitaa la umeme hapa Dar, yale ya kuzeeshwa kiwandani, yaani ni jipya kabisa ila limekwanguliwa rangi, limepigwa pigwa mbao, vyuma vimetiwa kutu makusudi, ili ukilishika lionekane limekesha ukumbini miaka hamsini. Milioni 3.2. Duka silitaji na kampuni siitaji, ila wenye kununua vyombo hapa mjini najua mtaelewa.

Msinunue. Naanza na hilo kabisa.

Ilikuwa Jumamosi, harusi Sinza, sisi bendi tumefika mapema tunafunga vyombo. Siku hizo joto la mvua, unyevu umejaa, shingo ya gitaa ikawa imesogea kidogo, uzi wa sita ukawa unagonga freti, vile vyuma vya shingoni, kila nikiupiga unalia zzz. Kitu cha kawaida tu, unachukua alenkii, kile kifunguo kidogo cha skrubu, unapandisha uzi, dakika mbili umemaliza. Kila uzi una kidaraja chake na kila kidaraja kina skrubu mbili ndogo kama punje za mchele. Naweka alenkii, haizunguki. Nikaongeza nguvu kidogo, tundu la skrubu likalika, alenkii inazunguka patupu. Mpiga besi akaleta mafuta ya kulainishia, tukasubiri, tukajaribu na koleo, skrubu ikakatika. Imekatikia ndani. Nikapiga harusi nzima na uzi unaolia kama nzi kwenye chupa, intro ya wimbo wa maharusi kuingia, ile intro ambayo gitaa linakuwa peke yake, jamani, niliona kiongozi wetu ananigeukia na sura ile ambayo sijawahi kuiona kwake tangu nianze kufanya naye kazi.

Wiki iliyofuata, sijui ilikuwa Jumatatu au Jumanne, nikalipeleka dukani. Kuna kijana pale kaunta, ana hedifoni moja sikioni, hata hakunyanyuka. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu, nikamwonyesha skrubu zote zimeganda na kwamba hata miezi mitano gitaa halijamaliza. Akalitazama hivi, akasema, "Sasa kaka si ulitaka la zamani? Kutu ndo uzee wenyewe huo." Wateja wawili pale wakacheka. Nina mke na watoto, gitaa ndo linalipa ada, nimetoa milioni tatu na ushee mkononi mwa hao hao, halafu najibiwa hivo mbele za watu. Hilo neno nalisikia mpaka leo nikilala.

Tena siyo kweli! Hiyo ndo inaniuma zaidi. Kutu ya lile gitaa siyo uzee. Wanaozeesha vyuma wanaviweka kwenye chombo kilichofunikwa pamoja na tindikali, mvuke wake unaila ile nikeli ya juu. Sasa nikeli ndo ilikuwa inazuia kutu, ikishaliwa kinabaki chuma kitupu, halafu hicho chuma kitupu unakileta Dar, upepo wa bahari, chumvi, jasho la mpigaji, unategemea nini? Kutu ilioanzishwa kiwandani haikujua pa kusimama, ikaendelea na kazi hapa kwetu. Nyufa za laka nazo hivo hivo. Zile nyufa nyembamba kama utando wa buibui zinatokea hasa gitaa lenye laka ya zamani, ile ya nitro, likipata baridi ya ghafla likitolewa nje kwenye theluji na kuingizwa ndani, mbao na laka zinajikunja kila moja kivyake. Dar baridi hiyo itoke wapi? Yaani nimelipa pesa gitaa langu libebe makovu ya theluji ambayo halijawahi kuiona.

Mjomba wangu Magomeni analo gitaa la Fender, kampuni ya Marekani, la miaka ya 70 la ukweli, alipiga nalo dansi tangu sijazaliwa. Halina ufa hata mmoja, kwa sababu kufikia miaka hiyo Fender walishahamia kwenye rangi nene ya poli, kama plastiki, ambayo haipasuki vile. Lenyewe limechubuka vipande vipande, na pale juu ambapo mkono wa kulia unalala rangi yote imeisha, mbao imekuwa nyeusi na laini kama mpini wa jembe. Na siyo mkono wake peke yake. Enzi zile vyombo vilikuwa vya bendi, hata NUTA Jazz ilivyoanzishwa 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi na wanamuziki wameajiriwa, kwa hiyo gitaa moja unaachiana na mwenzio. Mjomba anakuonyesha, hapa alikuwa fulani anapenda kukita kidole, hapa liligonga spika safarini Tanga. Ndo kama lile Stratocaster, gitaa la Fender la 1961, la mpiga gitaa Rory Gallagher wa Ayalandi, alilinunua 1963, jasho lake likalila rangi mpaka zikabaki kama visiwa, kila doa lina mwenyewe.

Nikampelekea langu alione. Akalipakata, akapitisha kiganja kwenye sehemu iliyokwanguliwa, akapitisha tena, akaniuliza, "Hapa aliegemea nani?" Sikuwa na jibu. Mkwaruzo wenyewe upo chini kiasi, mkono wa mtu haufiki pale ukipiga.

Lakini sasa ngoja niseme na hili kwa sababu siwezi kudanganya. Mjomba alilichomeka kwenye ampu akalicharaza, na ile sebene yake ya taratibu, akakaa nalo kama nusu saa hakunirudishia. Shingo ya lile gitaa ni tamu. Kingo wamezilainisha, hazikati mkono, nyuma hakuna laka ya kunata, kwenye joto letu mkono unateleza usiku kucha. Langu jipya la kawaida lililotangulia hili halikuwahi kuwa hivo, mkono ulikuwa unanata mpaka najipaka poda. Fender wanauza rasmi haya ya kuzeeshwa tangu 1995, wenzao Gibson nao, na nadhani watu wanafuata shingo hii, mikwaruzo inakuja nayo tu. Na la mjomba, nikiwa mkweli, skrubu mbili zimeganda miaka mingi na pikapu moja, ile sumaku ya kunasa sauti ya nyuzi, inakata sauti ikijisikia, kazi ya kila wikiendi halitamudu. Kwa hiyo nikisema la zamani lina ushindi wa wazi nitakuwa nasema uongo. Kwa kupenda, la mjomba. Kwa kazi, hili, kama wangeacha vyuma vyake.

Nlienda kwa fundi mtaa wa Gerezani, Kariakoo, akanitolea ile iliyokatika kwa uvumilivu mkubwa sana, akanitafutia skrubu zote kumi na mbili za chuma kisichoshika kutu, hakunicheka hata kidogo, aliniita mwanamuziki. Elfu kidogo tu nikalipa. Sasa skrubu zinang'aa kwenye gitaa lililochakaa na watu wananiuliza mbona hivo, nawaambia hizo ndo zangu.

Dukani kule sirudi. Yule kijana angesema tu samahani kaka nisingeandika haya yote. Gitaa nlishaliweka status kuliuza mara mbili nikalitoa, kuna mtu kanipigia jana anatoa milioni 2.5, asubuhi nikakubali, jioni nikalishika nikamwambia asubiri. Na wiki hii asinipigie kabisa, Jumamosi nina kazi nalo Kinondoni.