Nganya za Nairobi: zitazame zikiwa zimesimama

Anayeuliza wapi pa kuona grafiti Nairobi huambiwa apande nganya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro, taa na muziki, ya kwenda Rongai, mji ulio nje kidogo ya jiji, aende mpaka mwisho, arudi. Ushauri huo una kasoro moja kubwa. Ukishaingia ndani, kazi bora imebaki nje ya gari, na kila aliye barabarani anaiona isipokuwa wewe. Hapa tunaipima nganya kama mahali pa kutazama sanaa. Kama usafiri, abiria wana kesi yao nayo ya siku nyingi, na hatuiingilii.

Pa kuanzia ni Railways, steji iliyo karibu na stesheni ya reli, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Magari ya Rongai (njia namba 125 na 126) na ya Ngong (111) yamezoea upande huo, ingawa kaunti huhamisha steji kila baada ya muda, kwa hiyo muulize makanga (kondakta) yeyote kabla hujazunguka bure. Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, nako kuna mashindano makali, Umoja na Buruburu hasa, lakini steji zao zimebanana na hupati nafasi ya kurudi nyuma uone gari zima. Nganya ya abiria 33 inataka umbali wa mita sita au saba hivi ndipo mchoro usomeke. Ukiwa karibu zaidi ya hapo unaona vipande tu.

Nenda katikati ya juma, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Asubuhi na jioni gari linafika, linajaa, linaondoka, na wewe umebaki na moshi. Saa za mchana abiria ni wachache, magari yanapanga foleni kungoja yajae, na unaweza kulizunguka moja bila haraka. Ubaya wa saa hizo ni jua la utosi: klia, ile rangi angavu inayopakwa juu ya mchoro kuulinda, inang'aa kama kioo na nusu ya mchoro inapotelea kwenye mwanga. Ndiyo maana Julai na Agosti, Nairobi inapofunikwa na mawingu kutwa, ni miezi mizuri kuliko Januari. Kwenye Januari tafuta gari lililoegeshwa kwenye kivuli cha jengo.

Watu wengi hutazama upande wa kushoto kwa sababu ndiko waliko abiria. Huko mlango umekata mchoro, makanga amening'inia juu yake, na sehemu za chini zimechubuliwa na ukingo wa barabara. Upande wa kulia hauna mlango wa abiria, kwa hiyo msanii amepata turubai ndefu. Vuka barabara uuone huo. Mgongo wa gari ndio unaobeba sura kubwa na jina, maana ndio unaotazamwa na madereva wote waliokwama nyuma kwenye jamu, na mwenye gari analijua hilo anapotoa pesa.

Sasa kazi yenyewe. Nganya nyingi za leo ni Isuzu NQR. Chesisi na injini hutoka kiwandani, bodi huungwa na mafundi wa hapa kwa fremu za chuma na mabati, kisha gari linapigwa fila ya kuziba mabonde, msasa, praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) na rangi ya msingi. Msanii anaingia hapo. Rangi ya msingi ikishakauka kabisa hukwaruzwa kidogo kwa msasa wa maji namba 800 au 1000, ndipo rangi ya mchoro ishike. Mistari huwekwa kwa chaki, sehemu zisizohusika hufunikwa kwa masking tape na magazeti ya zamani. Maeneo mapana hupulizwa kwa bunduki ya rangi yenye tundu la milimita 1.3 au 1.4, sura na nywele hupulizwa kwa eabrashi, bunduki ndogo kama kalamu, ya milimita 0.3 hadi 0.5, kompresa ikisoma presha ya psi 20 hadi 40. Juu ya yote huja klia ya 2K, iliyochanganywa na hadena (dawa ya kuigandisha) kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, mara nyingi sehemu mbili kwa moja, makoti mawili au matatu.

Ukijua mpangilio huo, makosa yanajitaja yenyewe. Vitundu vidogo kama vya sindano kwenye klia maana yake koti lilirushwa juu ya lingine kabla thina haijatoka. Vishimo vya duara, vilivyo wazi katikati, ni mafuta au silikoni iliyobaki kwenye bati, mara nyingi polishi ya dashibodi iliyopanguswa kwa kitambaa kilekile. Malengelenge ni maji ya kompresa isiyo na kichujio. Klia inayobanduka kwa maganda mapana imepigwa juu ya rangi iliyokaa siku kadhaa bila kukwaruzwa. Na ile iliyopauka ikawa kama imepakwa unga, gari likiwa bado halijamaliza mwaka, mara nyingi ni hadena iliyobaniwa: haikukauka sawasawa, kisha sabuni kali ya kila siku ikaimalizia. Tazama chini ya taa za nyuma, kwenye kona za bampa na mdomo wa mlango. Huko ndiko fundi mwenye haraka hujulikana.

Kwenye sura za watu, iwe ni Tupac, Bob Marley, Obama au mchezaji wa mpira, nenda moja kwa moja kwenye macho. Nukta nyeupe ya mwanga ndiyo huwekwa mwisho, na lazima ikae pembe moja katika macho yote mawili. Zikitofautiana, sura inaonekana kengeza hata kama kila kitu kingine kiko sawa, na hutajua kwa nini inakusumbua. Halafu tazama ngozi. Msanii mvivu akitaka kivuli kwenye ngozi nyeusi huongeza rangi nyeusi kwenye kahawia, na shavu linakuwa la majivu. Anayejua hupuliza matabaka mepesi ya nyekundu, zambarau na buluu kwenye kivuli, na anaiacha kahawia ya chini ipenye. Simama karibu na shavu kisha rudi nyuma hatua kumi: kazi nzuri inageuka kutoka ukungu wa rangi tatu hadi kuwa mtu. Kwetu sisi hicho ndicho kipimo cha kwanza, kabla ya taa, kabla ya muziki, kabla ya idadi ya skrini.

Tatizo ni kwamba nganya nyingi unazozisifia hazikuchorwa na mkono. Ni stika zilizochapishwa. Kuzitambua si kazi. Sogeza jicho karibu na shavu lilelile: kazi ya mashine ina vinukta vidogo vya rangi vilivyotapakaa sawasawa mahali pote, wakati eabrashi ina ukungu laini unaozidi na kupungua kufuata mkono. Kisha tafuta maungio. Karatasi ya stika huja kwa roli ya upana wa mita moja na robo hadi moja na nusu hivi, kwa hiyo kwenye ubavu wa gari utaona mistari ya kuunganishia kwa umbali unaolingana, na mara nyingine pua ya mtu imekatika na kusogea milimita mbili. Pia stika zikizeeka, nyekundu na njano hutangulia kufifia na picha nzima inaegemea buluu. Ukiona msanii wa reggae amegeuka wa samawati, umeshapata jibu.

Hatusemi stika ni dhambi. Gari lililo gereji haliingizi hata shilingi, na wakati eabrashi inaweza kulishikilia kwa wiki kadhaa, stika huvalishwa kwa siku chache. Zikifanywa vizuri, kwa stika ya daraja la juu iliyopashwa moto kwenye mikunjo ya bati, hukaa miaka. Zikifanywa kwa stika ya bei rahisi, kingo huanza kunyanyuka kwenye ribiti (misumari ya kushikia bati) na mabonde, na mashine ya kuoshea kwa presha inamalizia kazi kwa sababu kijana wa kuosha amesogeza mdomo wa bomba hadi sentimita kumi. Lakini kwa anayekuja kutazama sanaa, stika ni chapa ya picha iliyotoka kwenye intaneti. Itazame sekunde tano upite.

Kuna mchanganyiko mmoja unaofaa kusifiwa: mwili wa gari kwa eabrashi, vioo kwa stika ya vitundu. Mchana picha inavuka dirisha bila kukatika. Usiku taa za ndani zikiwashwa, vioo vinakuwa wazi na sura inabaki na kidevu bila paji la uso. Anayejua hilo hupanga kazi mapema ili macho yasiangukie kwenye kioo.

Jambo jingine la kutafuta ni mstari wa njano. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliilazimu kila matatu kuwa na mstari huo ubavuni pamoja na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na michoro ikarudi nyuma kwa miaka. Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea vijana wanaochora matatu na kamba ikalegezwa. Novemba 2018 msako ukarudi. Matokeo unayaona kwenye bati. Kuna wanaoupaka mstari mwisho kabisa, ukakata koo la mtu mashuhuri, na kuna wanaouingiza kwenye mchoro tangu chaki ya kwanza, ukawa sehemu ya nguo au ya mandhari. Hao wa pili ndio wa kufuatilia. Ukimwuliza makanga jina la msanii, mara nyingi analijua, na wengi hutia sahihi chini karibu na taa ya nyuma.

Picha: omba ruhusa, kwa makanga na si kwa dereva. "Boss, naweza piga hii gari picha?" inatosha, na wengi wataringa hadi wafungue mlango uone ndani. Usilenge nyuso za abiria. Lenzi pana ya simu inavimbisha mgongo wa gari, kwa hiyo rudi nyuma utumie lenzi ya kawaida. Mwenye kamera afunge kichujio cha polaraizi kuondoa mng'ao wa klia. Simu ishikwe kwa mikono miwili na irudi mfukoni mara moja. Railways si mahali pa kusimama unachagua picha ipi ni nzuri.

Usipande gari kwanza. Tumia saa moja steji, kisha tembea dakika chache hadi Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, ambako mchoraji Patrick Mukabi aliendesha studio yake ya Dust Depot. Kuna kiingilio, na mabehewa ya zamani yenye michoro yanakupa nafasi ya kulinganisha nganya na grafiti ya ukutani. Kopo la rangi ya kupuliza, linalotumika ukutani, huchora kwa mkono mzima na bega, mistari yake ni ya upana wa vidole, na halina nafasi ya kope za macho. Ndiyo maana ukuta mzuri hutegemea umbo na herufi, na nganya nzuri hutegemea uso. Reli hiyohiyo ina historia yake: kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, wachoraji wa grafiti Uhuru B, Swift9, Bankslave na wenzao walichora ujumbe wa amani kwenye treni ya abiria ipitayo Kibera, kwa idhini ya Rift Valley Railways, kampuni iliyoendesha reli wakati huo, mahali ambapo reli iling'olewa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kuta za Kibera nazo zinafaa, ila nenda na mkazi, mpatane bei kabla ya kuondoka, na usitarajie kukuta ulichokiona kwenye picha ya miaka mitatu iliyopita. Kuta hupakwa upya.

Baada ya hapo, ukitaka, panda. Nauli ya Rongai mchana wa kawaida huwa ya chini. Mvua ikinyesha au jioni ikifika hupanda bila kukuuliza, kwa hiyo shika noti ndogo. Ndani kuna mchoro wa dari, viti vilivyotariziwa, skrini na taa za rangi, na kusema kweli dari peke yake ndiyo inayostahili shingo yako. Taa za buluu na zambarau zinaua rangi zote nyingine, kwa hiyo hata dari isome kabla gari halijajaa na taa kuwashwa. Kiti cha nyuma kabisa kikwepe: spika za besi zimefungwa huko, na kifua kitakuuma kabla ya Bomas, ukiwa bado njiani. Mwenye mtoto mdogo, mwenye presha au mwenye kifaa cha masikio asipande kabisa. Achukue basi la kawaida.

Ukifika Rongai, usigeuze na gari lilelile. Shuka utafute sehemu za kuoshea magari kando ya Magadi Road saa za mchana. Nganya zinazosubiri zamu ya jioni huoshwa hapo, pande zote ziko wazi, hakuna abiria wa kukuzuia, na bati likiwa limelowa kila kosa la klia linaonekana. Waachie vijana wa kuosha kitu kidogo, watakuonyesha lililotoka gereji juzi.